Trela Chini ya Nyumba

Trela hili nimelijenga kwa mikono yangu miwili, bila mtu wa kunishikia hata nati, na anayedhani kijana akiachiwa nyumba kubwa peke yake hupatwa na upweke, basi hanijui. Upweke nausikia kwa watu tu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila aliyepita mbele ya nyumba yetu mwaka huu, na waliopita walikuwa wanne, mmoja wao mbwa.

Kijiji chetu kiko kwenye vilima vya muhogo, ukishatoka Battambang kuelekea Pailin. Wenye nguvu zao wote wamevuka mpaka kwenda kufanya kazi Thailand. Nyumba zao zimebaki zimesimama juu ya nguzo, kufuli mlangoni, kama watu waliopandisha nguo wakingoja maji ya mafuriko yapungue. Waliobaki ni wazee, watoto wachache, na mimi Vichheka, niliyemaliza sekondari na kufaulu hesabu vizuri sana. Hilo la hesabu liweke kando, tutalirudia kwa aibu.

Mama naye yuko huko ng'ambo, kiwanda cha samaki wa makopo. Hupiga simu saa sita mchana wanapopumzishwa, na swali lake la kwanza halibadiliki.

"Uko na nani?"

Siku ya kwanza nilimjibu, "Peke yangu." Akanyamaza mpaka salio likamwishia. Sijarudia kosa lile.

"Niko na Bunthan na Kosal, Mama. Wamekuja kunisaidia trela."

Bunthan na Kosal nilisoma nao. Wamevuka mpaka tangu mwezi wa tatu, ila Mama hana habari. Akitaka kuwasalimia vijana hao, nabana pua nakuwa Kosal, nazamisha sauti kifuani nakuwa Bunthan, huku nimeibana spana kwa vidole vya mguu nagongagonga rimu ili kazi isikike inaendelea. Siku nyingine tunacheka wote watatu. Simu ikikatika, wale wawili wanaondoka pamoja naye, hata chai hawangoji.

Na trela lenyewe lilikuwa la kumrudisha Mama. Babu Lor, mwenye shamba kubwa kule juu, aliniahidi kwamba nikifika Jumatatu asubuhi na trela la kubeba tani mbili, kazi ya kusomba muhogo msimu mzima ni yangu. Nisipofika, anamwita mtu wa kijiji cha pili. Nikiipata kazi hiyo, Mama akija kwa mwaka mpya harudi tena kwenye samaki.

"La mwaka jana lilikatika katikati kama biskuti," Babu Lor aliniambia. "Muhogo wangu ukateremka mlima wenyewe."

"Langu hata ukilipakia pagoda litakwenda, Babu."

"Pagoda mimi sina. Nina muhogo."

Basi nikajenga. Ekseli na springi nilizitoa kwenye pikapu iliyokufa zamani nyuma ya shule. Fremu niliifanya kwa vyuma vipana kama kiganja, na kila kiungo nilikichomelea juu, kisha nikalala chali matopeni nikakichomelea na chini, cheche zikinidondokea shingoni. Sakafu nikaiweka mbao ngumu za zizi la ng'ombe tuliowauza. Kazi yote niliifanyia chini ya nyumba, kati ya nguzo, maana mvua ilikuwa haijaisha na waya wa umeme haufiki mbali.

Chini ya nyumba yetu nguzo zimesongamana. Marehemu baba aliongeza nyingine katikati kwa sababu ya uzito wa mpunga ulioko juu. Kwa hiyo nilipima. Nilipima fremu, nikapima nafasi ya kutokea, nikaona fremu inapita na kinabaki kiganja kimoja kila upande. Nikaandika vipimo kwenye nguzo kwa chaki, nikavipigia mstari chini mara mbili kama tulivyofundishwa.

Jumamosi nikafunga ekseli, nikatia magurudumu, nikaunganisha pawatila, lile trekta letu dogo la mkono, nikaliwasha. Trela likatembea vizuri, halafu kukasikika gu! Nyumba nzima ikatikisika na sufuria ikaanguka huko juu.

Magurudumu yalikuwa nje ya fremu. Kiganja na nusu kila upande. Kwenye mtihani wa hesabu magurudumu hayakuwemo.

Nilikaa kwenye kitanda cha mianzi kilichoko chini ya nyumba nikalitazama sana. Kilichoniuma si vipimo. Kilichoniuma ni kwamba kwa wiki sita, kama angekaa hapo mtu yeyote, hata mtoto wa darasa la pili anayekula embe bichi kwa chumvi, angeniuliza, "Kaka, na magurudumu je?" Swali moja tu. Wiki sita hakukaa mtu.

Nikayatoa magurudumu. Sasa lilikuwa linapita, ila haliendi, na pawatila likilivuta linateleza tu matopeni. Nililitaka trela zito nikalipata. Nikatia jeki, nikakata mashina ya migomba nikayapanga chini ili liteleze juu yake, nikasukuma kwa bega. Likaenda hatua moja. Mashina yakapondeka, pua ya trela ikazama matopeni, na mimi nikazama nyuma yake. Jumapili asubuhi likawa bado liko pale pale, nusu nje nusu ndani, kama ng'ombe aliyebadili mawazo mlangoni.

Nikaenda kwa jirani, Bibi Phon.

"Bibi, una chumvi?"

Akanipa. Nikarudi nayo, nikaitazama, nikalitazama trela. Nikaenda tena.

"Bibi, ile chumvi imemwagika."

Akanipa nyingine. Mara ya tatu hakuinuka. Alikuwa amevaa blauzi yake nyeupe ya siku takatifu, anatafuna tambuu taratibu.

"Vichheka," akasema, "chumvi uliyobeba leo inatosha kukausha samaki wote wa ziwa. Sema unachotaka."

"Sitaki kitu, Bibi."

"Haya. Keti basi, utake kitu ukiwa umekaa."

Nikakaa. Ikanichukua muda kama wa kupika wali, lakini nikasema. Hakucheka. Alitema tambuu, akafunga skafu kiunoni, akaenda barabarani kuwasubiri wenzake waliokuwa wanatoka kusali pagoda.

Walikuja mabibi saba, mavazi meupe matupu, vichwa vimenyolewa, kama kundi la korongo.

"Hili ni trela au jeneza la tembo?" akauliza Bibi Sreng.

"Nani amejenga meli chini ya nyumba?" mwingine akauliza. "Huyu ndiye aliyefaulu?"

"Alifaulu hesabu," Bibi Phon akawaambia.

"Basi waliofeli wako salama."

Wakakunja sampoti zao, zile shuka za kiunoni, wakashika. Nikahesabu mpaka tatu. Likainuka kidogo, likasogea, likatua.

"Bibi Sreng, wewe unanyanyua au umeegemea?"

"Nimeegemea kwa nguvu zote."

Nikahesabu tena, na tena. Mara ya tisa au ya kumi trela likawa uani, juani, na wale mabibi wamekaa juu yake wakihema na kuchekana matope. Mgongo wangu ulikuwa unauma, na nilitamani lirudi ndani tulitoe upya. Wakanywa maji, wakaniambia kesho nikipita wataniona, wakaenda zao mmoja mmoja.

Nikarudishia magurudumu, nikakaza nati. Uwanja ukawa kimya tena. Kisha simu ikalia, saa sita kamili.

"Uko na nani?"

Ningeweza kusema kweli. Kweli ilikuwa nzuri. Lakini ulimi ulikuwa umeshazoea njia yake.

"Na wale wale, Mama. Trela limetoka! Kesho asubuhi liko kwa Babu Lor."

"Mmelitoaje, na lilivyo zito?"

"Tumelinyanyua. Bunthan ana mgongo kama nyati."

"Mpe simu nimshukuru."

Nikashika spana kwa vidole vya mguu, nikaanza kugonga rimu, nikashusha sauti. "Shikamoo, Mama. Kazi ndogo tu hiyo."

"Huyo siye Bunthan," ikasema sauti nyuma yangu.

Bibi Phon alikuwa kwenye mtungi wa maji, kata mkononi, ananawa matope miguuni. Sikujua kama alibaki. Na hakujaribu kunong'ona.

"Bunthan wa jana alikuwa na sauti nzito kuliko hiyo. Na wa juzi. Huyu umemchanganya na Kosal."

Kwenye simu Mama akanyamaza. Nikangoja salio liishe, halikuisha. Kisha akauliza tena, polepole, lile swali lake.

Nikamtazama Bibi Phon. Akajimwagia kata ya mwisho.

"Mjibu," akasema. "Na hiyo spana iteremshe, inanipigia kelele."