Bata Chini ya Boneti

Mume wangu Mutsinzi aling'oa kiti cha nyuma cha gari ili kulipunguzia uzito, akasahau kwamba tuna mtoto.

Kirezi ana miezi saba. Gari ni Toyota Celica nyekundu ya milango miwili, imenizidi umri mwaka mmoja. Kiti chake cha nyuma kilikuwa chembamba, lakini kilitosha kufungia kile kiti kidogo cha mtoto. Sasa kilikuwa sebuleni kwetu Kagugu, nyuma ya mlango, na wageni walikisifu. Kila Jumapili na kila siku ya chanjo Mutsinzi alitangulia na gari lake la spoti, mimi na Kirezi tukafuata kwa basi.

"Rudisha kiti," nilimwambia.

"Ngoja kwanza bomba ifike, sheri wangu."

Bomba likafika. Lilikuwa la alumini, nene kama mkono wangu, linang'aa kuliko sufuria zangu zote, na mwishoni lina filta nyekundu yenye umbo la pia. Kazi yake ni kuvutia injini hewa, mahali pa lile boksi jeusi la plastiki lililotoka na gari kiwandani. Aliyemuuzia alimwahidi nguvu za farasi ishirini zaidi.

"Farasi ishirini wa kwenda wapi?" nikauliza. "Hapa Kigali Sofia hamruhusu mtu kupita sitini."

Sofia ni jina tulilozipa kamera za barabarani, na kwetu anaogopwa kuliko mama mkwe.

"Mama Kirezi, sitini ni sitini. Lakini kuna kuifikia upesi na kuna kuifikia kama lori ya mchanga."

Hapo ndipo tulipowekeana ahadi, na fundi wetu Protas akawa shahidi. Tutapima kwenye mlima wa Rebero, kutoka kusimama hadi sitini, mara tatu bila bomba na mara tatu na bomba. Likipunguza nusu sekunde, kiti kitabaki sebuleni mpaka Kirezi aanze shule. Lisipopunguza, kinarudi garini siku hiyo hiyo. Habari ya mara tatu niliitoa mimi. Ninasoma masomo ya jioni nimalize sekondari niliyoiacha, na mwalimu wetu wa fizikia, Praxeda, hutuambia kipimo kimoja ni uvumi.

Bila bomba tulipata wastani wa sekunde sita nukta nne. Wiki iliyofuata Protas akalifunga karakanani kwake Gatsata. Alipowasha na kukanyaga mafuta, chini ya boneti kukatoka sauti, *shuuuu*, ndefu na nzito.

"Shemeji, sikia," Protas akasema, macho nusu yamefumbwa. "Inapumua."

"Hata mimi nikipanda ngazi na mtoto mgongoni napumua hivyo hivyo. Wala siendi mbio."

Mutsinzi hakunisikia. Mimi na Kirezi tulimfuata kwa gari la Protas; njia nzima hadi Rebero nilimwona kwenye kioo chake akitabasamu, na kwenye taa za Nyabugogo alikanyaga mafuta ili watu waliokuwa wanavuka wasikie ile pumzi.

Kule juu Protas akabaki kando ya barabara, Kirezi amefungwa mgongoni kwake kwa mbeleko. Mimi nikaketi mbele na simu yangu, tayari kubonyeza.

Mara ya kwanza: sita nukta saba.

"Umechelewa kubonyeza," Mutsinzi akasema.

Mara ya pili: sita nukta nane.

"Upepo."

Mara ya tatu: sita nukta tisa. Safari hii hakumlaumu mtu. Gari lilikuwa limenguruma mlima mzima kama linalobishana, na halikwenda.

"Labda simu ya shemeji ina matatizo," Protas akajaribu.

"Simu yangu ilikuwa nzima wiki iliyopita."

Nilikuwa nimeshinda. Kiti kilikuwa changu. Ilibaki kunyamaza tu. Lakini Mutsinzi alifungua boneti, akasimama mikono kiunoni akiliangalia bomba lake kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa bila kujua anaumwa nini, na roho yangu ikaingiwa na huruma. Tena, nisiseme uongo, haikuwa huruma peke yake. Joto lililonipiga usoni kutoka kwenye ile injini lilinikumbusha somo la Jumanne. Hewa ya moto imetanuka. Ukijaza ndoo mbili, moja hewa ya moto na moja ya baridi, ya moto ina hewa pungufu, na injini yenye hewa pungufu haina nguvu. Niliyajua haya, na mtu aliyejifunza jambo Jumanne hawezi kulinyamazia Jumamosi.

Nikatoa kwenye mfuko wa mtoto bata wa plastiki wa manjano, kipimajoto cha maji ya kuogea ya Kirezi. Nikamshika mbele ya taa za gari: nyuzi ishirini na tano. Nikamweka kando ya filta. Akapanda hadi hamsini na mbili, akaanza kuwaka mwanga mwekundu tumboni, ishara ya kumtoa mtoto majini.

"Bomba lako linakunywa supu," nikamwambia mume wangu. "Boksi la zamani lilikuwa na pua iliyochungulia nje, likavuta hewa baridi. Hili umeliweka jikoni."

Protas akainama, akamtazama bata, akanitazama mimi. "Shemeji, unasomea wapi?"

Pua ya boksi la zamani ilikuwa bado kwenye buti. Tukaifunga kwenye filta, na ukuta wa kuikinga na joto la injini tuliutengeneza kwa kile kizuia jua cha kioo cha mbele, chenye rangi ya fedha. Kisu hatukuwa nacho, nikakikata kwa mkasi wa kucha za Kirezi. Nilipofika katikati ndipo nilipong'amua: nilikuwa ninakikata kiti cha mwanangu kwa mkasi wake mwenyewe. Nikamaliza kukata hata hivyo, ila polepole.

Injini ikapoa. Tukapanda tena.

Sita nukta mbili. Sita nukta moja. Sita nukta mbili.

Mutsinzi alipiga usukani kwa furaha. "Imepungua."

"Imepungua robo sekunde hivi."

"Si imepungua?"

"Tulisema nusu."

Akamgeukia Protas, ambaye wakati huo alikuwa akiyumbayumba kumbembeleza Kirezi. "Tulisema nusu, fundi?"

"Nusu, kaka. Kiti kirudi. Na huyu mtoto amenikojolea."

Kiti kilirudi jioni ile ile. Jumatatu Protas alitutengenezea ukuta wa kweli, wa bati, na Mutsinzi akaomba kupima mara nyingine, kiti kikiwa ndani. Kupima na Kirezi ndani nilikataa. Tukafunga mahali pake mfuko wa mchele wenye uzito wake, kilo nane.

Wastani ukawa sita nukta nne, kama siku ya kwanza kabisa, bila bomba na bila kiti.

"Kwa hiyo bomba imemlipia Kirezi nauli," Mutsinzi akasema, na sikuona kwamba amesikitika. Tuliteremka Rebero taratibu. Alitazama kioo cha nyuma mara mbili, kuona kama mfuko wa mchele umekaa vizuri.