Rangi ya Kilemba cha Bheraram

Haya nilisimuliwa na mama mkwe wangu, Gavri, mwaka nilioolewa, tukichambua dengu barazani. Yeye ndiye aliyekuwa akipaka picha rangi katika studio ya mumewe hapa mjini kwetu Nagaur. Siku hizo picha zilitoka nyeusi na nyeupe tu, na aliyetaka shavu lake lionekane lina damu alimpelekea Gavri.

Asubuhi moja akaja bibi mmoja, Dhapu, na wanawe wawili, Mularam mkubwa na Pukha mdogo. Walileta picha ya marehemu baba yao, Bheraram, iliyopigwa studio hapo hapo miaka arobaini nyuma. Ilikuwa hiyo moja tu. Keshokutwa yake binti wa Mularam alikuwa anaolewa, na bibi alitaka mzee awekwe kwenye kiti chake arusini, ana rangi zake kama mtu aliye hai.

Gavri akailowesha picha kwa pamba, akaanza na mashavu, akaja kwenye vipuli vya dhahabu masikioni. Alipofika kwenye kilemba akainua brashi.

"Kilikuwa rangi gani?"

"Zafarani," akasema Mularam.

"Kijani," akasema Pukha.

"Kijani! Baba alikuwa kasuku?"

"Kaka, wewe ulimwona baba saa ngapi? Ulikuwa unalala mpaka maziwa yanageuka mtindi."

"Na wewe ulimjua kwa fimbo tu. Dada Gavri, kikipakwa kijani, picha hiyo haiingii kwangu."

"Na kikipakwa zafarani, mimi siingii!"

Gavri akashika brashi hewani. Rangi ile ikishanyweka karatasini haitoki. Ukiisugua unamtoa na mtu mwenyewe. Akamtazama Dhapu, aliyekuwa akinywa chai kwenye kisahani. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Gavri akadhani analia, kumbe anacheka.

"Mama, unacheka nini?" akauliza Pukha.

"Nawacheka nyinyi. Kilemba hicho si cha baba yenu."

Dhapu akaweka kisahani chini.

"Aliniapisha nisiseme, na sijasema mpaka leo. Lakini afadhali marehemu anikasirikie kuliko nyinyi kununiana arusini. Siku ile ya picha nilikuwa bibi arusi wa miezi miwili. Tunakuja mjini kwa miguu, kiu ikanishika. Kisima kipo, kamba hakuna. Baba yenu akavua kilemba, akafunga kikopo kwenye ncha, akateremsha. Nikanywa. Nikamwambia, kidogo tena. Mara ya pili kilemba kikamponyoka, chubwi! Akaingia mji huu kichwa wazi, amejishika utosi kwa mikono miwili kama mwenye msiba. Mpiga picha akamhurumia, akamwazima cha studio. Hebu tazameni. Nguo ya kuazima haisitiri!"

Wakainama. Kweli, kilemba kilikuwa kimemfika Bheraram mpaka kwenye nyusi, kama chungu alichovikwa mtoto. Mularam ndiye aliyeanza kucheka. Pukha akacheka mpaka akashika ukuta.

Gavri akafungua sanduku la zamani la baba mkwe wake, ndiye aliyekuwa mpiga picha siku zile. Kilemba cha studio kilikuwamo bado, kimeliwa na nondo, chekundu. Wala si zafarani wala si kijani.

"Nipake rangi ya hiki?"

"Aseme mama," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Dhapu akafikiri kidogo. "Alivua cha kichwani ninywe maji. Mpake kilichoko kisimani. Kilikuwa manjano, manjano ya haradali inapochanua. Nilikitia rangi mwenyewe; vidole vyangu vilikaa manjano siku tisa."

Gavri akachanganya, akawa anajaribu kwenye ukucha wake.

"Zidisha. Aa, umepitiliza, punguza. Hapo! Hapo hapo, binti."

Mchana wana wakaleta jalebi, wakala, wakalala mkekani mgongo kwa mgongo. Gavri akasinzia na brashi sikioni. Dhapu peke yake akakaa macho, akiilinda picha iliyokuwa ikikauka dirishani. Kilemba kile kilishawahi kuponyoka mara moja.

Jua lilipohama akakigusa ukingoni kwa kidole cha mwisho, akakiangalia kidole. Kilikuwa safi; rangi imeshika. Akavuta mtandio usoni, naye akalala.