Kadi Aliyoichagua Bosi

Nyumbani kwetu anayetoa amri ana meno mawili tu. Tunamwita Bosi. Akilala, nyumba nzima inanyata. Akiamka, kazi zote zinasimama mpaka ashibe. Ndiyo maana siku ya kuchagua kadi ya picha ya kompyuta yangu mpya nilimbeba mgongoni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa wazi mezani kwa shemeji, mdogo wa mume wangu, fundi ambaye karakana yake ni chumba kimoja chenye nyaya nyingi kuliko hewa. Kila kitu kilishafungwa isipokuwa hiyo kadi, sehemu inayogeuza michoro kuwa picha za kweli kweli, utadhani umepiga kwa kamera. Kazi hiyo niliisomea madarasa ya jioni, tumbo likigusa meza, Bosi akiwa bado ndani, na sasa nilikuwa na mteja wangu wa kwanza: seremala aliyetaka picha kumi na mbili za makabati ya jikoni kufikia Jumatatu. Akizipenda, michoro yake yote inakuja kwangu. Asipozipata, ana binamu yake mwenye penseli.

"Shemeji, kaa," alisema fundi. "Nimekutafutia wachumba wawili, mahari sawasawa."

Akaziweka mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndogo, yenye feni moja.

"Huyu mpole, hata sauti yake huisikii. Picha moja, dakika arobaini." Ya pili ilishatumika, nene kama tofali, feni tatu. "Huyu mchapakazi. Dakika kumi tu. Ila anakoroma."

"Anakoroma kiasi gani?"

"Kama kaka yangu."

Mume wangu alikuwa mlangoni, mfuko wa nepi begani. "Mimi sikoromi," alisema.

Mimi na shemeji tulitazamana tukamwonea huruma.

Lakini kicheko hakikuniondolea shida yangu. Meza yangu iko hatua tatu kutoka kitandani, na mimi hufanya kazi Bosi akiwa amelala tu, maana akiwa macho kibodi ni yake. Usingizi wake wa mchana nao ni dakika arobaini. Kwa yule mpole, ningepata picha moja kisha kilio. Kwa mkoromaji, kilio kingeanza kabla ya picha.

"Chukua mpole," mume wangu alishauri. "Nitakusaidia kumbembeleza."

"Juzi ulipombembeleza nilikuta yeye macho, wewe umelala."

"Basi kesi apewe mwenyewe," alisema shemeji.

Bosi alikuwa ameshasinzia mgongoni. Nikamlaza kwenye kochi la wateja, shemeji akafunga kadi ndogo, akaipa mchoro wangu wa kwanza. Chumba kikawa kimya. Tukanong'ona. Mume wangu akavua viatu. Dakika ya sita shemeji akaweka bisibisi mezani, polepole kabisa, ikagonga kidogo tu. Bosi akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akaangua kilio.

"Huyo ndiye mpole," nikasema. "Basi tena."

"Ameshalia, hatuna cha kupoteza," alisema shemeji, akafunga ile nene.

Feni zikanguruma mpaka karatasi zikapeperuka. Bosi akakata kilio katikati. Akageuza shingo, akaitafuta sauti ile, akavuta kidole mdomoni. Kope zikashuka. Shemeji akaangusha bisibisi makusudi. Hakuna aliyeshtuka.

Nikamtazama mwanangu, nikamtazama baba yake, nikaelewa. Tangu azaliwe, Bosi analala katikati yetu.

"Mume wangu," nikasema, "umekuwa ukimwimbia mtoto, na mimi nilikuwa nakupiga viwiko."

"Mimi sikoromi," alijibu, ila safari hii kwa majivuno kidogo.

Tukarudi nyumbani na mkoromaji. Mume wangu aliitazama kadi ile kama mke mwenza, lakini kazi ilikwenda. Picha moja ikiisha, feni zikianza kupoa, Bosi hukunja uso, nami haraka naipa kompyuta mchoro mwingine. Jumapili mchana ikatoka picha ya kumi na mbili, mwanga ukicheza kwenye vitasa vya makabati. Kisha feni zikanyamaza. Mchoro mwingine sikuwa nao, na picha zilikuwa bado hazijatumwa.

Bosi akakunja uso.

"Baba Bosi," nikanong'ona, "zamu yako."

"Nimeshakuambia mi..."

"Lala tu."

Akajinyoosha kando ya mwanawe, akiwa amenuna. Kabla sijafika hata mezani, alishaanza. Bosi akashusha pumzi, akalegea. Nikazituma zote kumi na mbili kwa raha zangu.

Seremala akajibu kabla wale wawili hawajaamka: "Kesho nakuletea vipimo vya vyumba vya kulala."