Nyumba Aliyoibuni Ntumba

Mpelelezi anayejigeuza umbo ni mateso kwa yeyote anayeongoza mchezo wa mezani, ule wa kusimulia hadithi ambayo kila mchezaji ni mhusika ndani yake. Shujaa wa kawaida unamfungia mlango na mambo yamekwisha. Huyu ukimfungia mlango anakuwa panya, ukiziba tundu anakuwa kunguru na kutua juu ya paa, kisha anakugeukia wewe mwongozaji na kukuuliza anaona nini. Huna budi kumjibu. Ntumba, mwanamke aliyefundisha jiografia huko Dilala, aliyavumilia mateso hayo kwa miaka miwili, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, sebuleni mwa nyumba ya kampuni ya mgodi aliyoachiwa na wazazi wake, mtaani Kapata.

Wachezaji wake walikuwa watatu. Laure, fundi cherehani, alicheza mganga; Kitenge, muuza vipuri vya pikipiki, alicheza askari mwenye rungu; na Beya, karani mpole wa mgodi mmoja, ndiye aliyekuwa na huyo mpelelezi. Walikuwa na kete, kitabu cha kanuni cha fotokopi, na ufalme mzima ambao Ntumba, Maître wa mchezo, aliubeba kichwani. Mpelelezi alipokwenda kuchungulia, Laure na Kitenge walitolewa barazani wasisikie, na Ntumba akamsimulia Beya peke yake kwa sauti ya chini.

Na hapo ndipo kosa lilipoingilia. Kunguru huingia nyumba kumi kwa mchana mmoja, na hakuna binadamu anayeweza kubuni nyumba kumi. Ntumba aliiba. Jiko la marehemu mama yake alimpa malkia, kikohozi cha jirani akampa mchawi, na wachezaji wakamsifu kwamba mambo yake unaweza kuyashika kwa mkono. Sifa zilimlevya, tuseme ukweli.

Kaka yake, Muamba, alikuwa mafichoni wiki ya tatu. Yeye ndiye aliyezisemea familia zilizokataa kuhama ili chini ya nyumba zao pachimbwe madini, na wenzake wawili waliosimama naye mkutanoni walishachukuliwa na watu wenye jeep na hawakuonekana tena. Kapata nzima ilijua Muamba ametoroka. Alikotorokea alijua Ntumba tu, pamoja na shangazi yao Tshiela aliyempokea Kasaji, kule magharibi kwenye njia ya reli.

Jumamosi ya wiki hiyo, asubuhi, shangazi akapiga simu.

"Ntumba, banaume babili balikuya na jeep. Banauliza batu ku gare ya treni, nyumba gani iko na kinga ya bleu ku mur, kinga haina siège."

"Na Muamba, Tantine?"

"Alikuwa ku shamba. Ile kinga niliipeleka jana kwa fundi, njo maana hawakuiona. Lakini balisema batarudia. Mutoto yangu, nani alibaambia mambo ya kinga?"

Ntumba aliketi chini, palepale sakafuni. Baiskeli ya buluu isiyo na kiti, imetundikwa ukutani: maneno yalikuwa yake. Jumamosi iliyopita kunguru wa Beya alikuwa anamtafuta mwasi anayesakwa na mfalme, naye Ntumba, aliyekuwa amechoka, alimweka mwasi huyo magharibi kwenye njia ya reli, nyuma ya kituo, kwa shangazi yake mkulima wa mihogo, mwenye baiskeli hiyo ukutani. Katika ufalme wake kulikuwa na reli na baiskeli, nani wa kumkataza? Beya aliuliza mlango una rangi gani. Aliuliza mara mbili. Ntumba alidhani mchezo umemnogea.

Kwa hiyo aliyemuuza Muamba ni nani? Beya, ndiyo. Lakini bidhaa aliipanga nani mezani? Ntumba alilia kwa hasira, akajifuta, akampigia tena shangazi. Muamba angevuka mpaka upande wa Dilolo, lakini treni haikuwapo hadi Jumatatu na barabarani angeonekana. Zilihitajika siku mbili ambazo ile jeep itakuwa mahali pengine.

Angeweza kuahirisha mchezo, lakini Beya angejua amegunduliwa, na waliomtuma wangerudi Kasaji jioni ileile. Basi saa nane alifungua mlango kama kawaida. Beya alisimama pale na mfuko wa maandazi.

"Bonjour, Maître. Mi nachelewa?"

"Hapana, tata. Ingia," alisema kwa heshima ileile ya kila Jumamosi.

Huyu mtu alikuwa amekula mezani pake, alikuwa amemzika mama pamoja naye. Alimmiminia chai.

Walicheza nusu saa, kisha Beya akasema kile ambacho Ntumba alijua atasema, kwamba anakwenda kuchungulia. Laure na Kitenge wakatoka barazani wakilalamika kwa mzaha. Wawili wakabaki.

"Mi ni kunguru," Beya alisema. "Narudia kule nyuma ya gare. Naona nini?"

"Nyumba ni tupu. Majivu yamepoa. Ameondoka."

"Ameenda wapi?"

"Rusha kete."

Alirusha. Ikaanguka mbili. Ntumba aliitazama. Kwa mbili kunguru haoni hata mkia wake. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, na katika miaka miwili hakuwahi kumsamehe mtu kete mbaya. Akishika sheria, Beya angeondoka bila kitu. Akiivunja, angenusa mtego.

"Upepo unakusaidia leo," alisema.

Beya aliinua macho. Aliyaacha usoni mwa Ntumba muda mrefu mno. Barazani Kitenge alikuwa anacheka.

"Merci, Maître," Beya alisema hatimaye. "Naona nini?"

Sasa ilibidi abuni kweli, bila kuiba. Kila nyumba atakayoitaja watu wale wangeivamia, kwa hiyo ilipasa iwe nyumba isiyo na mwenyewe. Alifungua mdomo na kwanza likamjia jiko la Laure. Akalimeza. Likamjia baraza la padri, akalimeza nalo. Aligundua kwa hofu kwamba hana hata kijiko kimoja kichwani ambacho si cha mtu. Akaanza kuunganisha vipande kwa nguvu: ng'ambo ya mto mkubwa, upande linakochomoza jua, kando ya barabara. Mpapai ulioinama hadi kuegemea choo. Kuta zimepakwa njano hadi nusu tu. Mlangoni pipa la maji lenye msalaba mweupe. Aliuongeza msalaba makusudi, kwani nani huchora msalaba kwenye pipa?

"Yuko peke yake?"

"Kunguru anaona mwanamume mmoja. Basi."

Beya hakuandika kitu. Alikunywa chai yake yote, na walipokuwa wanaagana mlangoni akasema, bila kumtazama, "Maître, mi niko na batoto bane." Ntumba akafunga mlango na kusimama nyuma yake hadi hatua zikapotea.

Jeep haikurudi Kasaji, si Jumapili wala Jumatatu. Jumanne mchana Muamba alipiga kwa namba ngeni: amevuka. Ntumba alipiga vigelegele peke yake jikoni, akacheka, akalia.

Jumatano, alipopita dukani kwa Kitenge, akamkuta anawasimulia wateja. Alikuwa ametoka kuchukua mzigo Likasi. "Kule ng'ambo ya mto Lualaba balibeba muntu jana, mubaya sana. Fundi ya mbabula. Balimupiga mbele ya bibi yake."

Ntumba alichukua pikipiki ya kukodi kwenda huko, na njia nzima alijiambia kwamba nyumba ile haipo, aliibuni yeye, haipo.

Alipoelekezwa hadi pale, aliona mpapai umeinama, ingawa haukufika chooni. Rangi ya njano iliishia katikati ya ukuta, labda kopo liliwaishia. Pipa halikuwa na msalaba. Lilikuwa na chokaa iliyomwagika ikakauka, na hiyo iliwatosha wale wa jeep. Majiko ya mkaa ambayo hayajakamilika yalitawanyika uani, na kati yake aliketi mwanamke, macho yamemvimba, majirani wawili wakimshika mabega. Walimwita mama Chancelle.

"Ni we ya parokia?" aliuliza alipomwona Ntumba.

"Nilisikia tu, mama. Nikakuja kukupa pole."

"Banza, bwana yangu, hana mambo na muntu. Iko anatengeneza mbabula tu." Alimshika Ntumba mkono na kuuvuta kwake. "Balikuwa banamupiga, banamuita Muamba. Muamba, Muamba. Yeye anasema mi si Muamba, bao banapiga. Mama, huyu Muamba ni nani? We unamujua?"

Majirani nao wakamgeukia. Kukiri hapa kwamba Muamba ni kaka yake kungemrudisha Banza, labda. Kungewapeleka watu wale hadi mpakani, labda. Na kabla ya hayo kungewapeleka Kapata, mlangoni kwake.

"Hapana, mama," alisema. "Simujui."

Mama Chancelle alitikisa kichwa polepole. Kisha akamshukuru kwa kutoka mbali hivyo, akamwambia jirani amletee kiti.