Nyumba Banifu Usiibane

Wenzangu ambao mradi wa nyumba utafika kwenu, nawaomba jambo moja kabla hamjaingiza hata godoro: mkiambiwa neno msilolielewa, ulizeni. Mkiona aibu, mtumeni mtoto akaulize. Sisi hatukuuliza, na neno lenyewe lilitaka kuninyang'anya binti.

Binti huyu ni kitindamimba wangu, na kifua chake kinamsumbua tangu akiwa mchanga. Kikimbana, mabega yanapanda, shingo inachimba shimo, nami hapo sijui nishike maji au nishike kichwa. Katika chumba tulichokuwa tumepanga zamani, bati lilikuwa juu ya utosi na jiko la mkaa liko mlangoni, kwa hiyo tulikuwa tunapikwa sisi pamoja na maharage. Daktari alisema waziwazi: moshi na joto lile vitammaliza mtoto, mhamisheni.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akadakia hapohapo. Ana nyumba kubwa mji mwingine, na hana mtoto. "Nipeni mimi," alisema, "kwangu kuna hewa." Alisema kwa wema, sikatai, lakini wema wa wifi yangu ni kama gundi ya fundi viatu, ukishika haubanduki. Nilijua binti akienda huko atarudi ananiita mimi shangazi na yeye mama.

Mungu si Athumani, tukapata nyumba ya mradi. Mume wangu akamwomba dada yake: "Tuache tuhamie kwanza. Utakapokuja kututembelea, ukikuta kifua bado kinambana, mchukue." Wifi akakubali. Mimi nikaacha kulala vizuri tangu siku hiyo.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili. Kuta zake ni matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine, hayakuchomwa moto. Bati limepakwa rangi nyeupe, ukilitazama mchana unafumba macho. Juu ya kuta, chini ya paa, wameacha matundu mstari mzima. Jikoni kuna jiko la kuni lililojengewa, na bomba lake la moshi linatokeza nje.

Siku ya kukabidhiwa, dada wa mradi, tuliyekuwa tunamwita Mama Ramani kwa kuwa haachi kubeba michoro kwapani, alisimama kutueleza kila kitu. Bahati mbaya kipaza sauti kilikuwa kinalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Tukaambulia maneno mawili tu, tena kwa vile aliyarudia: "Nyumba banifu! Nyumba banifu!" Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

"Banifu ndiyo nini?" nilimuuliza mume wangu tulipoingia ndani.

Mume wangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani kila kitu kwake ni kubana au kulegeza. "Si kubana?" alisema. "Nyumba inabana."

"Inabana nini, baba watoto? Mtoto kifua kinabana, na nyumba nayo ibane?"

"Inabana ubaridi, mke wangu. Ubaridi wa asubuhi unaingia, nyumba inaubana humohumo hadi jioni. Sasa tazama mafundi wa siku hizi! Wamesahau kuziba matundu yote yale. Ubaridi wetu unatoka, unakwenda kumpoza jirani."

Wiki ile ya kwanza binti alipumua vizuri. Nilikuwa naweka sikio mgongoni kwake asubuhi na jioni, mpaka akaniambia, "Mama, mimi si redio." Nikamwambia mume wangu aache mambo kama yalivyo, maana ng'ombe anayetoa maziwa hapekuliwi tumbo. Lakini zikaja habari kwamba dada mtu anakuja kesho, na mume wangu akapandwa na sifa.

"Unataka dada yangu akute nyumba nusu?" alisema. Akachukua vitambaa vya mabaki, akashona vifuko, akavijaza vipande vingine, akavisukumiza kwenye matundu kimoja kimoja. Akaviita soksi za nyumba. Majirani walipoziona zimekaa vizuri, tena za maua, nao wakaweka oda, akawashonea usiku uleule. Kisha akapanda juu na sufuria yetu iliyotoboka, akafunika bomba la moshi, akaikaza kwa waya.

"Na hilo je?" nilipiga kelele kutoka chini.

"Hili ndilo bovu kuliko yote! Kuni tuhangaike nazo sisi, joto la jiko likaotwe na mawingu?"

Kesho yake wifi akafika jua la utosi, anapepea leso, jasho linamtiririka. Mume wangu akamkalisha sebuleni karibu na binti, akafunga dirisha, akafunga mlango, akakunja mikono kama mganga anayesubiri dawa ifanye kazi.

"Dada, tulia sasa. Uone inavyobana."

Mimi nikawasha moto kuivisha maharage. Moshi ukapanda bombani, ukakuta sufuria, ukarudi ndani kuuliza njia. Ukauliza kwenye matundu, ukakuta soksi. Basi ukaja sebuleni kusalimia mgeni.

"Mdogo wangu," wifi akasema, anakohoa, "mbona inanibana?"

Mume wangu uso ukang'aa. "Ehee! Umeisikia? Ndiyo yenyewe hiyo!"

"Kifua, mjinga wewe! Inanibana kifua!"

Nikageuka kumtazama binti. Mabega yalikuwa yamepanda.

Jamani, sikusubiri mtu. Nilipiga mlango teke, nikamsukuma mtoto nje na shangazi yake nyuma yake, nikarudi na mti wa ufagio, nikapanda stuli. Soksi nikazichoma zikawa zinadondokea uani mithili ya maembe mabovu, moja ikamtua wifi kichwani. Mume wangu naye yuko juu ya bati anapambana na waya wake mwenyewe, maana kazi ya fundi akiikaza ameikaza.

Wifi akaitupa ile soksi. "Nguo za mtoto zifungwe," akasema. "Naondoka naye sasa hivi. Ahadi ni ahadi."

Nikatoka nje na mti wa ufagio bado mkononi. Nikamwambia, "Wifi yangu, nipe mpaka maharage yaive. Yakiiva, ingieni wote wawili mle. Kifua kikimbana hata kidogo, nitamfungashia mwenyewe kwa mikono hii."

"Maharage yako ni ya leo au ya mwakani?"

"Yalilala kwenye maji, wifi."

Akakaa kwenye benchi, jua linamla. Sufuria ya bombani ikatoka, moshi ukashika njia yake. Upepo ukaingia upande mmoja wa matundu na kutokea mwingine. Nilipika huku sikio liko nje, nasikiliza pumzi. Maharage yakaiva. Sikumwita mtu, niliogopa. Binti mwenyewe ndiye aliyeingia kwa kufuata harufu, akala, akaongeza. Shangazi yake akamfuata kumkagua. Akaegemea ukuta. Akashika tofali kwa kiganja, akaliwekea na shavu.

"Limewekwa barafu hili?"

"Ni udongo tu, wifi."

Akasema ataegemea kidogo. Alilala akikoroma hadi jua likapungua, na mtoto kajilaza ubavuni kwake. Nikaenda kwa kunyata, nikaweka sikio mgongoni kwa binti. Kimya. Hata mluzi haumo.

Wifi akafumbua jicho moja. "Acha kumchokonoa mtoto, yuko salama," akasema. "Abaki kwenu. Ila huyu mdogo wangu, akishona kitu kingine cha nyumba, nipigieni simu nije kumchukua yeye."

Asubuhi nilimfuata Mama Ramani, nikamuuliza neno lile. Alicheka hadi michoro ikamponyoka. Banifu, akasema, ni kwamba nyumba inabana matumizi: kuni kidogo, umeme kidogo, feni huihitaji. Hewa haibanwi! Nikapita nyumba hadi nyumba nawaambia majirani wachomoe soksi. Mmoja alikataa, anasema zake zinaendana na mapazia.

Basi ninyi mmesikia. Matundu yale yaacheni wazi, bomba lisivishwe kitu. Na mwangalie watoto, maana vifua vikipona miguu inaota mbawa. Huyu wangu sasa hivi nasikia anakimbizana na wenzake juu ya rundo la matofali yaliyobaki, na mimi roho iko mkononi. Ngoja nikamteremshe kabla hajavunjika.