Nyumba Iliyokuwa Kati ya Mawe

Avis Tuckwell hakuja kuangalia mawe. Alikulia kati ya mawe yale: aliyapanda, alianika nguo juu yake, na moja lilimng'oa jino la mbele. Alipanda basi hili la matembezi ya wazee kutoka mji wa Swindon, Uingereza, kwa sababu goti lake lilikuwa linakwisha, na kabla halijamgomea kabisa alitaka kusimama tena palipokuwa na jiko la mama yake, kijijini Harrowdean, katikati ya duara la mawe ya kale.

Asubuhi walianzia Stonehenge, kwenye duara la mawe mashuhuri kuliko yote. Mvua iliwanyeshea mpaka kwenye mikate yao ya jibini, na wote wakaambiana kwamba hali ya hewa si mbaya. Mchana basi likashika njia ya Harrowdean, na Piers, mtembeza wageni wao, akasimama mbele akikaza skafu yake.

"Duara hili liliokolewa," alisema. "Katikati kulikuwa na vibanda vibaya vibaya, vimeziba mandhari yote. Bahati nzuri wataalamu wakavisafisha."

Wakavisafisha! Kama uchafu wa mbwa kwenye zulia. Avis aliyahisi masikio yake yakiwaka. Alikuwa msichana mdogo siku walipohamishwa, na asubuhi ile mama yake alisugua madirisha yote, ya nyumba iliyokuwa inakwenda kubomolewa, ili wasije wakasema amewaachia uchafu. Wakapewa vyumba viwili ghorofani, mjini, bila hata kipande cha bustani. Mama alikufa kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Wafu wa kale waliosimamisha mawe waliachiwa nafasi, aliye hai akaambiwa apishe.

"Dada, usianze," alinong'ona Clement, mdogo wake, aliyeketi naye.

"Nianze nini?"

"Nakujua mimi. Funika kombe mwanaharamu apite. Tunywe chai, turudi zetu."

"Kombe nimelifunika miaka sitini, Clement. Mwanaharamu mwenyewe hajapita mpaka leo."

Waliposhuka, Avis aliivuka kamba iliyozunguka nyasi, akachechemea mpaka katikati, akakunjua kiti chake cha turubai, akaketi.

"Samahani sana, mama," Piers aliita, akitabasamu kwa meno tu. "Kama hutajali, hapo hatukanyagi."

Samahani ya nchi ile ni fimbo iliyoviringishwa kwenye leso, na Avis aliijua tangu utoto.

"Hapa ni jikoni kwetu," akajibu.

"Nakuelewa kabisa. Lakini hapakuwa na nyumba yoyote ya maana hapo."

"Ya maana kwa nani, wewe?" Avis alipiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga maishani. "Nimezaliwa hapa! Mama yangu amepika hapa, amefukuzwa hapa, na wewe unamwita uchafu mbele ya watu!"

Wenzake wa basini wakainamia viatu vyao. Kwao, mtu anayegomba hadharani ni kama aliyevua nguo. Hakuna aliyemtetea, na hilo lilimchoma Avis kuliko maneno ya Piers.

Mwishowe Gwen Lacey, mjane mwenye chupa ya chai kwapani, akasogea akainua mguu avuke kamba.

"Nikusalimie, mwenzangu?"

"Si hapo! Hapo ni dirishani. Mlango uko kule, kati ya mawe mawili."

Gwen akazunguka, akajifuta viatu kwenye nyasi, akaingia. Mzee mmoja akasimama mlangoni nyuma yake. Mwingine akasimama nyuma ya mzee. Watu wale ukiwaonyesha mgongo uliotulia watajipanga nyuma yake, kisha ndipo waulize kuna nini. Hata wageni wa basi jingine wakaunga foleni.

"Angalia kichwa," Avis aliwafokea mmoja mmoja, "boriti iko chini." Nao warefu wakainama.

"Jamani, basi linaondoka!" Piers alilia. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Ndipo Piers akairuka kamba, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti.

"Ndugu," mzee mmoja akamwambia, uso umemwiva, "mwisho wa foleni uko kule."

"Aibu!" wakaitikia wengine. "Mtu mzima!"

Avis aliwatazama kwa uchungu. Mama yake alipotukanwa walitazama viatu, foleni iliporukwa wakawaka.

"Umepita ukutani," akamwambia Piers. "Toka. Pita mlangoni kama watu."

Piers akatoka. Akasimama mwisho, nyuma ya Clement, ambaye naye alikuwa amejipanga kimya, kofia mkononi. Mvua ikarudi. Clement alipofika mlangoni aliinama chini ya boriti bila kukumbushwa, akaenda kusimama kando ya dada yake.

Akabaki Piers.

"Naomba kuingia," alisema.

"Kuingia wapi?"

Piers akatazama nyasi. "Nyumbani."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yako."

"Mama yangu alikuwa na jina lake."

Piers akavua skafu iliyolowa, akakaa nayo mkononi asijue aiweke wapi. "Aliitwa nani?"

Miaka sitini, na katika wote waliokuja na kamba na vibao vyao, hakuna aliyewahi kuuliza. Hasira za Avis hazikupungua hata chembe.

"Hester Tuckwell. Sema."

"Hester Tuckwell," Piers akasema.

"Wa nyuma hawakukusikia," Avis akamwambia. "Sema tena."