Kigoda cha Nne

Mambo yote makubwa ya maisha yetu tuliyapanga tukiwa uchi. Harusi za watoto, talaka ya Pilsun, uamuzi wangu wa kuacha kazi ya kiwandani, yote yaliamuliwa Jumapili asubuhi ndani ya hamamu ya wanawake, nyuma ya soko la mji wetu wa Jinju, kusini mwa Korea. Tulikaa kwenye vigoda vya plastiki tumejipanga mstari, kila mmoja akimsugua mgongo aliye mbele yake. Anayekaa nyuma kabisa hana wa kumsugua, kwa hiyo tukimaliza tunageuka wote, wa mwisho anakuwa wa kwanza, kazi inaanza upya. Tumefanya hivyo tangu tukiwa wasichana wa kiwanda cha hariri. Wanasema mficha uchi hazai. Sisi tumezaa na wajukuu tumepata, na hakukuwa na kovu la mmoja wetu ambalo wengine hawakulijua.

Mbele hukaa Gwirye, mwanamke wa maneno machache, ambaye hulihifadhi kila neno utadhani analinunua. Nyuma yake Pilsun, muuza vitoweo sokoni na mtunza mfuko wetu, ambaye maneno anayapata bure. Kisha mimi, Chaesun. Nyuma yangu Yeonok.

Yeonok alizaliwa kisiwani Namhae na aliogelea kabla hajajua kusoma. Ndiye aliyelianzisha wazo la safari. Tulikuwa hamsini na kitu, ananisugua mgongo kwa ule mkono wake wa chuma, akasema tuchange kila mwezi, na tukifika sitini twende ng'ambo, mahali penye bahari ya joto. "Nimechoka na bahari inayonitetemesha meno," alisema. Tukachanga. Tulipofika sitini Pilsun akavunjika goti. Mwaka uliofuata mkwe wangu akajifungua mapacha. Safari ikawa ya mwakani, mwakani.

Halafu masika ya mwaka jana Yeonok akaenda Seoul kwa binti yake kulea mjukuu. Alirudi wakati wa vuli, amekonda, nywele fupi kama za mwanafunzi. Alisema binti yake ndiye aliyemkata, ndiyo mitindo ya Seoul. Hamamu akakoma kuja. Eti daktari amemkataza maji ya moto kwa sababu ya presha. Sisi watatu tuliendelea kuchukua vigoda vinne, kwa mazoea tu, na kile cha nne tukaweka juu yake sabuni na mayai yetu ya kula tukitoka. Mgongo wangu ukawa unangoja hadi tugeuke.

Mwezi wa kumi mwaka huu Pilsun akapiga meza kwenye mkahawa wa tambi, ambako Yeonok alikuwa bado anakuja. Safari ni Januari, alisema, twende Danang, Vietnam. Kuna mji wa kale wa kutembelea, kuna mahekalu mlimani, kuna ufuo wa mchanga mweupe, na bei yake mtu wa soko anaimudu.

"Siku mbili za kutembea, siku mbili za kulala mchangani kama samaki wa kukausha," alisema. "Kuna swali?"

Yeonok aliweka vijiti vyake chini. "Bahari tuiache. Twende mahekalu na mji wa kale tu."

Tukamkodolea macho. Ni sawa na Pilsun aseme tuache kuongea.

"Bahari uiache wewe?" nilisema.

"Ni ghali kule ufukweni. Na jua linaharibu ngozi."

Pilsun alinifinya paja chini ya meza. Nami nilikuwa nimeshaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mume wa Yeonok alikuwa amefunga duka lake la viatu majira yale ya joto. Kwa hiyo ni hela. Presha ni kisingizio, hata kiingilio cha hamamu kimemshinda. Kwetu kumuuliza mtu shida yake waziwazi ni kama kumvua nguo njiani. Mwenye adabu hutazama uso, husikiliza kilichomezwa, akajua bila kuambiwa. Na sisi watatu tulijiona mabingwa wa kujua bila kuambiwa.

Basi tukaanza kuipunguza safari ili imwenee Yeonok. Hoteli ya ufukweni ikaondoka, ikaja hoteli ya mjini. Vyumba viwili vikawa kimoja. Hoteli nayo ikaondoka, ikaja gesti yenye vitanda vya ghorofa, na bomba moja la kuogea la watu wote. Ndege ya mchana ikawa ya saa ambazo hata majogoo wamelala. Chakula tutabeba tambi za kuchemsha na pilipili yetu. Mimi nina mgongo mbovu, na nilikubali kitanda cha juu. Gwirye alisema, "Nililala kwenye vitanda hivyo bweni la kiwandani. Sikufa." Tulijisikia watu wema kweli.

Pilsun akamtangazia Yeonok mipango mipya kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi.

"Chumba kimoja, wote wanne! Kama enzi za bweni. Tutabadilisha nguo tukigongana matako. Na kwa kuwa bomba ni moja, tutaoga wote kwa mkupuo, kusuguana bure!"

"Na bahari?" aliuliza Yeonok.

"Imerudi! Bahari haina kiingilio, shoga. Tutashinda majini siku nzima, hatutumii hata senti."

Uso wa Yeonok ulibadilika rangi. Alisogeza bakuli lake, akafunga skafu shingoni polepole. "Nendeni nyinyi," alisema. "Mimi mtaniletea picha." Akainuka, akalipia tambi za wote, akaenda.

"Amelipa," alisema Gwirye.

"Ni majivuno," Pilsun alisema. "Maskini wa jana ndiye mwenye majivuno. Tupunguze tena."

Sijui tungepunguza nini zaidi, labda ndege yenyewe twende kwa miguu. Lakini mimi sikulala vizuri siku zile. Safari bila Yeonok sikuitaka. Niliwaza nikifika kwenye bahari ile ya joto na yeye hayupo, nitaingia na nani?

Ukafika wakati wa kimchi, achari yetu ya majira ya baridi. Kila mwaka tunaitengeneza pamoja uani kwa Pilsun, kabichi za familia nne, tumevaa glavu za mpira, pilipili hadi viwikoni. Nilimtazama Yeonok siku nzima. Alipaka pilipili kwa mkono wa kulia tu. Kila beseni lilipotaka kuinuliwa, alikumbuka kwamba ana kazi kwingine. Yule Yeonok aliyekuwa akibeba mabeseni mawili akituita wazee!

Ndipo Pilsun, akipita na beseni la maji ya chumvi huku anamsimulia Gwirye habari za mkwewe, akajikwaa. Maji yote yakammwagikia Yeonok, kuanzia shingoni kwenda chini. Ilikuwa baridi ya kukata masikio.

"Utapata homa ya mapafu!" nilisema. Nikamkokota hadi stoo ya jikoni, nikafunga mlango, nikashika pindo la sweta lake nimvue kama nilivyomvua mara elfu. Aliishika mikono yangu.

"Acha, Chaesun."

"Acha nini? Nina kitu gani ambacho wewe huna?"

Akanitazama. "Ndicho hicho," alisema. "Titi la kushoto sina."

Nilibaki nimeshika sweta.

"Saratani. Walilikata masika ya mwaka jana. Sikwenda kulea mjukuu, nilikwenda kulelewa. Nywele hakunikata mtu, zilidondoka."

Jambo la kwanza nililohisi ni hasira, naomba nisidanganye. Nilitaka kumpiga kofi. Mwaka mzima na zaidi mwanamke huyu amekuwa akibeba jambo hili peke yake, huku sisi tunaweka mayai juu ya kigoda chake.

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ya hivyo unavyonitazama sasa hivi. Pale hamamu ndipo mahali pekee duniani ambapo sikuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Nilikuwa Yeonok mwenye mkono wa chuma. Nikiingia hivi nitakuwa mgonjwa, na nyinyi mtanisugua kama yai."

"Na sisi tulidhani huna hela!"

"Hela?" Alishangaa kwelikweli. "Duka tumeliuza kwa bei nzuri sana. Mume wangu anacheza gofu siku hizi."

"Gofu! Na mimi nimekubali kulala kitanda cha juu kama popo kwa ajili yako!"

Alicheka, kisha kicheko kikageuka, akalia, kichwa chake kifuani kwangu, maji ya chumvi yakanilowesha na mimi. Nilimvua sweta taratibu na sikutazama kwingine, nilitazama palipokatwa, maana angejua nikikwepa. Lilikuwa kovu refu, jekundu kidogo, limenyooka. Nikamfuta, nikamvika koti la Pilsun.

"Usiwaambie," alisema. "Nitasema mwenyewe, au sitasema."

"Na bahari je?"

Alifunga vifungo vya koti hadi juu, akarudi kwenye kabichi.

Mimi si mtu wa kuficha siri. Wiki ile Pilsun alinipigia simu kila siku kuhusu gesti nyingine, ya bei ya chini zaidi, isiyo na feni. Kuuliza si ujinga, nilitaka kumfokea, nenda kamuulize! Lakini nilikuwa nimeahidi. Nilisema tu, "Usilipie kitu kwanza."

Jumapili tukaenda hamamu kama kawaida. Tulichukua vigoda vinne. Nilipoona Pilsun anaweka mayai juu ya kile cha nyuma yangu, sijui kwa nini, niliyaondoa nikayaweka sakafuni.

"Yatakanyagwa hayo," alisema.

"Acha yakanyagwe."

Gwirye mbele, Pilsun nyuma yake, mimi nyuma ya Pilsun. Mvuke ulikuwa mzito, Pilsun anaeleza kuhusu ile gesti isiyo na feni, mimi nasugua na kuitikia. Nikasikia kigoda kinaburutwa nyuma yangu. Kisha kitambaa cha kusugulia kikatua begani kwangu, kikashuka hadi kiunoni kwa mkupuo mmoja, kwa nguvu ya kunitoa machozi.

Mkono ule ningeujua hata kaburini. Sikugeuka. Nilimsugua Pilsun, machozi yananichuruzika, na mvuke ukanisitiri.

"Mgongo huu," ilisema sauti nyuma yangu, "una uchafu wa mwaka mzima."

Pilsun alinyamaza katikati ya neno. Alitaka kugeuka, nikamshika mabega.

"Bado zamu haijaisha," nilisema.

Yeonok alinisugua mpaka akaridhika. Kisha akasema, "Geukeni," akageuka yeye kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Sasa akawa wa mbele, ametupa mgongo. Nyuma yake mimi, nyuma yangu Pilsun, Gwirye wa mwisho. Nikalowesha kitambaa changu, nikaanza kumsugua. Alikuwa amekonda, mifupa ya mgongo inahesabika. Nilikumbuka alichosema kuhusu yai, nikakaza mkono.

"Nina neno," alisema Yeonok, akitazama ukuta. "Titi moja sina. Lilikuwa na saratani, wamelikata, nimepona. Nawaambia kabla sijageuka, ili anayetaka kulia alie sasa hivi. Nikigeuka sitaki kumwona mtu analia."

Kitambaa cha Pilsun kilikuwa kimesimama mgongoni kwangu, kisha nikahisi paji la uso wake limeegemea hapo, na mgongo wangu ukalowa upya. Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani. Yeonok alingoja, mabega yamekaza, na mimi nikaendelea kusugua kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya.

Mwishowe Gwirye akanena kutoka nyuma kabisa.

"Ni lipi?"

"La kushoto."

Gwirye alifikiri. "Afadhali. La kulia ndilo lililokuwa zuri."

Mabega ya Yeonok yakaanza kutikisika. Kwa sekunde moja niliogopa. Kisha nikamsikia, anacheka kile kicheko chake cha kisiwani, cha kuita mashua ya mbali, na Pilsun anacheka huku anapenga kamasi mgongoni kwangu, na wanawake wengine wote wa hamamu wanatutazama.

"Kweli kabisa," Pilsun alisema, "lile la kushoto lilikuwa linatazama pembeni tangu kiwandani."

Yeonok akageuka. Alikaa mbele yetu kwenye kigoda chake, magoti yamegusana na yangu, hakujifunika kwa kitu. Tulimtazama sote watatu, na hakuna aliyelia, isipokuwa Pilsun, ambaye alidai ni sabuni.

"Haya, mayai yangu yako wapi?" aliuliza Yeonok.

Nikamwokotea sakafuni. Alilipasua moja kwenye paji la uso wa Pilsun, akalimenya, akala nusu.

"Sasa ile gesti ya vitanda vya ghorofa mtaifuta," alisema. "Mimi mtoto wa Namhae siendi Danang kulala juu ya kabati. Chumba kiwe kimoja, sawa, lakini kiwe ufukweni."

"Na mahekalu?" aliuliza Pilsun.

"Mahekalu siku moja yanatosha. Budha hana haraka." Alimalizia yai lake, akanawa mikono kwenye beseni langu. "Bahari mnipe siku tatu."